Wufa Ikivuma, Angalia Nyaya za Nyumba Kwanza

Bonasi ya majani chai inapolipwa, maduka ya vifaa vya stima katika soko la Kebirigo hupata wateja wengi. Karo ikishalipwa na deni la duka kumalizwa, kinachobaki mara nyingi hununua runinga, redio mpya au wufa, ile spika ya besi inayotikisa vikombe mezani. Lakini haichukui muda kabla ya malalamiko kuanza. Wufa inavuma hata kabla wimbo haujaanza. Redio inakwaruza mtu akiwasha taa ya jikoni. Saa moja jioni, wakati taarifa ya habari inaanza, spika inazima yenyewe. Mwenye nyumba huirudisha dukani akisema ameuziwa kitu kibovu.

Wakati mwingine kifaa ni kibovu kweli. Mara nyingi, hata hivyo, wufa haina ubaya wowote. Inatoa kwa sauti shida iliyo ndani ya nyaya za nyumba, shida ambayo bulbu na chaja ya simu haziwezi kukuambia. Mkaazi anayejua kusikiliza sauti hiyo anaweza kuokoa pesa zake, na anaweza pia kugundua hatari mapema, kabla haijamdhuru mtu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua chanzo cha mvumo bila kufungua chochote, ni wakati gani wa kumwita fundi mwenye leseni, na kosa moja ambalo hufanywa ili kunyamazisha mvumo na ambalo linaweza kuua.

Mvumo unatoka wapi

Stima inayofika nyumbani kutoka kwenye nguzo ina nguvu ya volti 240, na hubadilisha mwelekeo wake kwenda na kurudi, ikikamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Hatuoni mabadiliko hayo kwa macho, lakini amplifaya iliyo ndani ya wufa huyasikia. Kazi ya amplifaya ni kuchukua mawimbi madogo sana ya sauti na kuyakuza. Haijui kutofautisha wimbo na uchafu. Stima kidogo ikipenya kwenye nyaya za sauti, nayo itakuzwa, nawe utasikia "mmmmm" nzito isiyokatika.

Ndani ya nyumba kuna nyaya za aina tatu. Waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, ndio unaoleta stima. Nyutro ndiyo njia ya stima kurudi. Ethi ni waya wa usalama unaounganisha bodi za chuma za vifaa na ardhi. Katika nyumba zilizowekwa stima zamani, laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Katika kazi za miaka ya karibuni, laivu ni kahawia na nyutro ni buluu. Ethi ni ya kijani yenye mistari ya manjano, au kijani tupu katika nyaya za zamani sana. Rangi lakini si ushahidi wa kutosha. Fundi aliyeishiwa waya anaweza kuwa alitumia rangi yoyote aliyokuwa nayo, kwa hivyo ni kipimo tu kinachoweza kuthibitisha.

Shida nyingi za sauti huanzia kwenye mojawapo ya mambo manne: ethi haipo au imelegea, viungo vya nyaya vimelegea, laivu na nyutro zimebadilishana nafasi, au stima yenyewe inafika ikiwa pungufu.

Vipimo vitano usivyohitaji fundi

Vipimo hivi havihitaji bisibisi. Zima swichi ya soketi kila unapochomoa au kuchomeka kebo.

Kwanza, punguza sauti hadi sufuri. Ikiwa mvumo unabaki vilevile, unatoka ndani ya wufa au kwenye stima inayoilisha. Ikiwa unapungua pamoja na sauti, unaingia kupitia kebo inayoleta muziki kutoka kwa runinga, simu, king'amuzi au kompyuta.

Pili, chomoa kebo za sauti moja baada ya nyingine. Mvumo ukikoma mara tu unapoondoa kebo ya runinga, umepata njia inayopitia. Jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu runinga. Kebo nyembamba isiyo na ngao ya waya wa kusuka ndani yake hunasa mvumo kwa urahisi, hasa ikilazwa sambamba na waya wa stima.

Tatu, peleka wufa hiyo hiyo kwa jirani ambaye nyumba yake ina nyaya zilizowekwa vizuri. Ikinyamaza huko na kuvuma kwako, acha kumsumbua mwenye duka. Shida iko kwenye nyumba yako. Ikivuma kote kote, huenda kapasita za ndani zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa redio.

Nne, ikiwa ni redio inayotumia pia betri, chomoa stima na uiwashe kwa betri. Ikinyamaza, uchafu ulikuwa unaingia kupitia stima. Ikiendelea kukwaruza hata kwa betri, uchafu unapita hewani. Zima bulbu za LED moja moja na uchomoe chaja za simu, kwa sababu chaja na bulbu za bei ya chini mara nyingi ndizo zinazoharibu mawimbi ya redio. Sauti ya "di-di-dit" inayokuja kabla simu haijalia haihusiani na nyaya za nyumba. Ondoa simu karibu na spika.

Tano, andika saa. Ikiwa kelele huja mchana na kukoma jioni, huenda kuna karakana ya kuchomelea vyuma au kinu cha kusaga mahindi kinachotumia transfoma moja nawe. Ikiwa huja tu pasi au birika likiwashwa, chanzo kiko ndani ya nyumba.

Baada ya vipimo hivi utakuwa na maelezo ya kumpa fundi. Fundi anayeambiwa "inavuma kwa soketi ya sebuleni pekee, na sauti haibadiliki nikipunguza" atafanya kazi kwa muda mfupi kuliko anayeambiwa tu "redio imeharibika."

Ethi: waya usiofanya kazi hadi siku ya hatari

Soketi tunazotumia nchini Kenya zina matundu matatu. Tundu la juu ni la ethi. Pini yake kwenye plagi ni ndefu kuliko zile nyingine mbili kwa sababu inafanya kazi mbili: inaunganisha ethi kwanza kabla stima haijafika, na inafungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya laivu na nyutro ili mtoto asiweze kuingiza msumari.

Wengi wetu tumeona, au tumefanya wenyewe, jambo hili: redio imekuja na plagi ya pini mbili, haiingii, basi mtu anasukuma tundu la juu kwa kalamu hadi vifuniko vifunguke, kisha anachomeka pini mbili kwa nguvu. Redio inalia. Lakini pini hizo hazikutengenezewa soketi hiyo, hivyo zinashika vibaya, zinapata joto, na zinatoa cheche ambazo spika huzitoa kama mkwaruzo. Plagi hiyo pia haina fyuzi. Adapta nzuri ya pini tatu yenye fyuzi haigharimu pesa nyingi, na inamaliza tatizo hilo.

Njia nyingine inayojulikana ni kuchomeka redio kwenye adapta iliyofungwa kwenye holda ya bulbu. Hapo hakuna ethi kabisa. Nyaya za taa pia huwa nyembamba kuliko za soketi: kwa kawaida milimita mraba 1.5 kwa taa, na 2.5 kwa soketi. Redio ndogo haiwezi kuziunguza nyaya hizo, lakini siku utakapoongeza pasi kwenye adapta hiyo hiyo, zitapata joto ndani ya dari ambako huoni.

Vifaa vingine havihitaji ethi. Tazama nyuma ya kifaa. Ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, kimewekewa kinga maradufu na kinaweza kutumia nyaya mbili kwa usalama. Kisicho na alama hiyo na chenye bodi ya chuma kinahitaji ethi, na ethi hiyo lazima ifike ardhini kweli.

Hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Soketi ina tundu la ethi, lakini nyuma yake hakuna waya uliounganishwa. Au waya upo hadi kwenye kisanduku cha swichi, lakini fimbo ya ethi iliyopaswa kuzikwa nje haipo, imeibwa kwa ajili ya shaba yake, au imekatwa na jembe. Au fimbo ipo lakini kiungo chake kimeota kutu. Udongo nao una mchango wake. Udongo wenye unyevu hupitisha stima vizuri kuliko mkavu, kwa hivyo mvumo unaokuwa mkubwa zaidi Januari na Februari na kupungua mvua inaponyesha unaweza kuwa dalili kwamba fimbo yako haikuzikwa kwa kina cha kutosha.

Kosa linaloua: kukata ethi ili mvumo ukome

Kuna mvumo mmoja ambao huwachanganya hata mafundi. Nyumba ina ethi nzuri, wufa ni nzima, runinga ni nzima, lakini zikiunganishwa zinavuma. Hutokea hasa runinga inapokuwa na kebo ya dishi au antena iliyoshikana na nguzo ya chuma nje. Runinga inagusa ardhi kupitia nguzo ile, wufa inagusa ardhi kupitia soketi yake, na sehemu hizo mbili za ardhi hazina nguvu sawa. Stima kidogo huzunguka kati yazo kupitia kebo ya sauti, na amplifaya huikuza.

Baadhi ya watu hugundua kwamba wakikata waya wa ethi kwenye plagi ya wufa, au wakiikata ile pini ndefu, mvumo unakoma mara moja. Ni kweli unakoma. Kilichotokea ni kwamba umeondoa njia pekee ambayo stima ingepita siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma. Siku hiyo njia itakuwa ni mkono wa mtu atakayegusa wufa akiwa amesimama bila viatu kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi.

Ulimwengu wa muziki umeshajifunza jambo hili kwa uchungu. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa na stima jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa. Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake London akipiga gitaa la umeme lisilokuwa na ethi ya kufaa. Hao walikuwa watu waliofanya kazi na vyombo hivi kila siku. Makanisa yetu, na familia zinazokodi vyombo vya sauti kwa harusi na matanga, zinapaswa kulikumbuka hilo kila mtu anaposhika maikrofoni ya chuma na kuiweka karibu na mdomo, hasa kwenye hema mvua inaponyesha.

Suluhisho la mvumo wa aina hii lipo, na haligusi ethi. Chomeka runinga, king'amuzi na wufa kwenye soketi moja au ekstensheni moja yenye ethi, ili zote ziguse ardhi mahali pamoja. Ikiwa mvumo unabaki, mwombe fundi wa redio kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye kebo ya sauti, ambacho hupitisha muziki lakini hukata njia ya stima. Chaguo jingine ni kutuma sauti kwa Bluetooth ikiwa vifaa vyako vina uwezo huo. Pasipo kebo kati yake, hakuna njia ya mvumo kupita.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuunganisha tundu la ethi na nyutro nyuma ya soketi ili kipimo kionyeshe kwamba "ethi ipo." Mambo yataonekana sawa hadi siku nyutro itakapokatika. Hapo kila kifaa chenye bodi ya chuma kwenye soketi hiyo kitakuwa na volti 240 nje yake. Fundi akikuambia hiyo ni njia ya mkato, mkatalie.

Ukipigwa na stima kidogo unapogusa bodi ya wufa, king'amuzi au friji, hata kama ni mwasho tu wa vidole, usizoee. Zima, chomoa, na usitumie kifaa hicho tena hadi fundi apime ethi.

Mkwaruzo, joto na harufu

Mkwaruzo wa ghafla ni tofauti na mvumo. Ukisikia "krrr" kila swichi inapowashwa, au mtu anapotikisa ekstensheni, kuna mahali stima inaruka kati ya vyuma viwili ambavyo havijashikana sawasawa. Kila mruko ni cheche, na kila cheche ni joto.

Baada ya nusu saa ya matumizi, zima soketi, chomoa plagi na uguse sehemu yake ya plastiki. Joto kidogo ni kawaida kwa pasi, lakini plagi ya redio haipaswi kuwa na joto lolote la kusikika. Tafuta alama za kahawia kwenye soketi. Nusa kama kuna harufu ya plastiki inayoungua. Ukipata mojawapo ya hayo, soketi hiyo isitumike tena. Fundi aibadilishe, aangalie nyaya za nyuma yake, na akaze skrubu zote.

Ekstensheni zinahitaji uangalifu wa pekee. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inaweza kupitisha takribani wati 3,000. Wufa ya nyumbani na runinga hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Birika la stima pekee linaweza kutumia wati 2,000, na pasi zaidi ya 1,000. Ukiziweka zote kwenye ekstensheni moja umefika ukingoni, na ekstensheni nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina waya mwembamba usioweza kubeba hata nusu ya hapo. Usiikunje ekstensheni chini ya zulia au nyuma ya kiti cha sofa. Fyuzi ikiungua, usiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi ndogo ya ampea 3 inatosha kwa redio na wufa nyingi za nyumbani. Soma maandishi nyuma ya kifaa.

Stima ikipungua au ikizidi

Amplifaya ikikosa stima ya kutosha, sauti ya besi hukatika, spika hutoa mlio uliopasuka, au kifaa huzima na kuwaka. Kwanza linganisha na jirani. Ikiwa bulbu zake pia zinafifia saa hizo, tatizo liko kwenye laini au transfoma, na linapaswa kuripotiwa Kenya Power. Ikiwa ni kwako tu, huenda waya uliotoka kwenye mita hadi nyumbani ni mwembamba kwa umbali huo. Hali hii huonekana katika boma ambapo mita iko kwenye nyumba ya wazazi na nyumba za vijana zimevutiwa waya mmoja baada ya mwingine.

Hatari kubwa zaidi ni nyutro kukatika kwenye laini inayolisha nyumba nyingi. Dalili yake ni bulbu za nyumba moja kuwaka kupita kiasi huku za nyumba nyingine zikififia. Volti zinaweza kupanda kuelekea 415, na redio, runinga na friji huungua ndani ya sekunde chache. Ukiona bulbu zimeng'aa kuliko kawaida, usisubiri kuona itakuwaje. Zima swichi kuu ya nyumba, waambie majirani wafanye hivyo, kisha upige ripoti.

Vifaa vya kinga vinavyochomekwa kati ya soketi na runinga au friji husaidia. Hukata stima inapokuwa ndogo mno au kubwa mno, na baada ya kupotea kwa stima husubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Usipokuwa nacho, fanya kazi hiyo kwa mkono: stima ikipotea, chomoa vifaa, na vikae hivyo kwa dakika kumi baada ya stima kurudi.

Radi haizuiliwi na swichi

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira, sawa na eneo la Kakamega, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa radi kwa wingi. Mawingu ya alasiri yanayotokea upande wa ziwa tunayajua wote. Hakuna kifaa cha dukani kitakachookoa wufa yako ikiwa radi itapiga karibu na nguzo, na kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Mwanya ulio ndani ya swichi ni wa milimita chache tu, na radi imetoka mawinguni hadi ardhini.

Ukisikia ngurumo ya kwanza kwa mbali, chomoa plagi na uchomoe pia kebo ya antena au dishi, kwa sababu radi huingia kupitia njia hiyo vilevile. Fanya hivyo mapema. Ngurumo zikishafika juu ya nyumba, usiguse plagi, nyaya wala antena. Bora kupoteza redio kuliko kupoteza mtu.

Nani anahusika na nini

Kenya Power inahusika na laini, nguzo, transfoma na mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani, nyaya ni zako. Usijaribu kufungua mita wala kupanda nguzo kwa sababu yoyote. Ripoti hitilafu kwa simu 97771 au kwa kubonyeza *977#.

Mafundi wa nyaya za nyumba hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Leseni zina madaraja. Mwombe fundi akuonyeshe yake, na akimaliza kazi akuachie cheti cha kukamilika kwa kazi. Mwambie apime mambo matatu mbele yako: kwamba ethi inafika ardhini, kwamba laivu na nyutro ziko mahali pake kwenye kila soketi, na kwamba kuna swichi ya usalama iitwayo RCD.

Hiyo RCD inafaa kuelezwa. Breka ya kawaida hukatika stima inapozidi. Katika nyumba inayotegemea fimbo yake ya ethi pekee, stima inayovuja kwenda ardhini inaweza kuwa ndogo mno kuiangusha breka, na bado ikatosha kumuua mtu. RCD hulinganisha stima inayotoka na inayorudi. Ikipungua kwa kiasi cha takribani miliampea 30, inajua kwamba imevuja mahali, labda mwilini mwa mtu, na hukata mara moja. Ina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze mara kwa mara, na isipokatika, mwite fundi.

Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, linahusika na ubora wa plagi, ekstensheni na nyaya tunazonunua. Tafuta alama ya ubora kwenye bidhaa, na unaweza kuhakiki nambari yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti majukumu ya usambazaji wa stima katika mipango ya kaunti, huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Ndiyo sababu jarida hili linachapisha makala kuhusu soketi na plagi: moto unaozuiwa nyumbani ni moto ambao hakuna gari la zimamoto litakaloukimbilia kwenye barabara ya mlimani usiku.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umsukume mbali na waya kwa ubao au fimbo kavu, kamwe si kwa chuma. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, kaa mbali kabisa, zuia watu na mifugo, na upige 97771. Mtu akishaachana na stima na ikawa hapumui, anza kumbonyeza kifua kwa nguvu na kwa kasi huku mwingine akipiga 999 au 112. Hata akisimama na kusema yuko salama, apelekwe hospitalini, kwa kuwa stima inaweza kuvuruga mapigo ya moyo baadaye.

Moto wa stima usizimwe kwa maji. Zima swichi kuu, kisha tumia mchanga mkavu au kizima-moto cha unga au cha gesi ya kaboni.

Kwa hivyo, jioni wufa ikianza kuvuma, usiipige makofi na usikate waya wowote. Punguza sauti, chomoa kebo moja moja, nenda kwa jirani, andika saa. Ikiwa vipimo vinaonyesha kwamba shida iko kwenye nyaya za nyumba, lipa fundi mwenye leseni kabla ya kununua wufa nyingine. Hata mvumo ukipona, ni kipimo cha fundi tu kitakachothibitisha kwamba ethi yako sasa inafanya kazi, kwa usalama wa watoto wanaocheza kando ya spika.